Betri ya Ambokile

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa betri nibebe. Hakuna aliyenieleza kwanza kazi yenyewe ni ipi. Nilikuwa nimeripoti kwenye karakana ya magari hapa Tukuyu, nimevaa shati jeupe alilonishonea babu. Babu yangu alikuwa fundi cherehani aliyetoka pwani akiwa kijana, akaweka cherehani yake kwenye baraza la duka moja sokoni, na sisi wajukuu tukazaliwa katika baridi na mvua za huku, tukiswali kwa Kiarabu na kugombana kwa Kinyakyusa. Mkuu wa Karakana, mtu mnene mwenye sauti ya upole, alinitazama juu mpaka chini, akanyoosha kidole kwenye betri ya lori iliyokuwa sakafuni.

"Ilete hapa mezani."

Nikaikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba mtoto. Nilipoiweka, hakuitazama betri, alitazama shati.

"Haya," akasema. "Kesho uje na nguo za kazi."

Sikumwelewa mpaka nilipofika nyumbani na kuona shati limetoboka matundu kifuani kote. Ndani ya betri kuna tindikali iliyochanganywa na maji, na tone lake moja linakula nguo kimyakimya, na ngozi pia ukichelewa kunawa. Betri hubebwa kwa mikono miwili, ikiwa wima, mbali na mwili. Hilo sikufundishwa kwa mdomo, nilifundishwa na shati.

Mkuu wa Karakana hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini jambo alilotaka ulijue alilirudia mpaka ulichoke. La kwanza lilikuwa mpangilio wa kufungua. Betri ina vichwa viwili vya madini ya risasi, chanya na hasi, na waya wa hasi ndio unaokwenda kushikana na bodi ya gari.

"Ukifungua, anza na hasi. Ukifunga, hasi iwe ya mwisho. Kwa nini?"

Nikaitazama spana mkononi.

"Kwa sababu ukianza na chanya, na spana yako ikagusa bodi, umeme wote utapita kwenye spana. Cheche zitaruka, na juu ya betri inayochajiwa pana hewa inayolipuka. Na mimi sina macho ya akiba ya kukupa."

Siku zile betri karibu zote zilikuwa na vifuniko vidogo juu, kimoja kwa kila chumba cha ndani. Ulifungua, ukachungulia kama maji yamefunika sahani za risasi, ukaongeza palipopungua. Kinachopungua ni maji, si tindikali, kwa hiyo huongezi tindikali. Na maji yenyewe ni yale yaliyochujwa maalumu kwa betri. Maji yetu ya mlimani ni matamu kunywa, lakini yana chumvichumvi ambazo sahani hazizitaki. Kulikuwa na haidromita, mrija wa kioo wenye kidude kinachoelea ndani. Unavuta tindikali kidogo, na jinsi kile kidude kinavyoelea juu au kuzama unajua chumba kipi kina chaji na kipi kimechoka. Nilikipenda chombo kile. Hakikuwa na upendeleo kwa mtu.

Nilikuwa nimeanza kuzoea madereva kuniita kwa jina tangu getini, "Shabani yuko wapi? Betri yangu inasumbua," Ambokile alipoletwa.

Alikuwa kijana mrefu wa Ibighi, mwimbaji wa kwaya, mwenye kicheko kilichosikika mpaka barabarani. Mkuu wa Karakana aliniambia nimfundishe, na nilimfundisha kila nilichokijua. Alijifunza haraka, lakini hicho sicho kilichoniumiza. Aliwauliza madereva maswali. Mimi gari likija na shida ya betri, nilifungua boneti. Yeye alimfungulia dereva mlango, akaketi naye, wakapiga soga.

Alikuja dereva wa gari dogo la ofisi, analalamika kwamba betri yake haikai na chaji. Nikaipima, nikaikuta nzima, nikaichaji, nikamrudishia. Baada ya siku chache akarudi. Nikafanya vilevile. Mara ya tatu alimkuta Ambokile, na Ambokile akamwuliza:

"Kaka, siku yako inakwendaje? Ukitoka nyumbani unakwenda wapi?"

"Namchukua bosi, nampeleka ofisini. Mchana sokoni. Jioni namrudisha."

"Na redio unasikiliza gari likiwa limezimwa?"

Dereva akacheka. "Sasa nikimsubiri bosi nifanye nini?"

Hapo ndipo penye ugonjwa. Kuwasha injini kunakula chaji nyingi kwa mara moja, na alteneta, ile mashine inayoendeshwa na injini kurudisha umeme kwenye betri, inahitaji safari ya kutosha ili iirudishe. Gari linalowashwa na kuzimwa mjini kutwa, na redio juu yake, linakopa kila siku bila kulipa. Ambokile alimwambia alipeleke gari barabara ya Mbeya mara moja kwa wiki, na ile redio aihamishie nyumbani. Shida ikaisha.

Kesho yake, tukiwa tunakunywa chai ya saa nne, Mkuu wa Karakana alisema mbele ya wote, kwa ile sauti yake ya upole: "Shabani anajua betri. Ambokile anajua gari lenye betri."

Watu wakacheka, naye Ambokile akanipiga bega kwa upendo kabisa. Chai ikanishinda. Vijana mtakaosoma haya mtasema ni neno dogo. Mimi nimelibeba mpaka leo, na ninaweza kuwaonyesha benchi tulilokuwa tumekaa.

Haukupita muda nikahamia shamba la chai, kuwa fundi umeme wa matrekta na malori. Niliwaambia watu nafuata nyumba ya kampuni. Ukweli ni kwamba nilitaka mahali ambapo jina langu lingetajwa peke yake. Meneja wa Usafirishaji alinipokea vizuri, akanitembeza kwenye gereji, akanionyesha chumba cha kuchajia chenye madirisha makubwa ya kutoa ile hewa mbaya. Nilifurahi sana. Tulipomaliza akaniuliza:

"Umetoka kule karakana ya mjini, siyo? Yupo fundi mmoja kule, Ambokile. Unamfahamu?"

"Namfahamu."

"Wanasema ana mkono mzuri."

"Nilimfundisha mimi."

"Ahaa," akasema Meneja, na akaendelea na mambo mengine.

Nikiwa pale nilimwoa Zaituni. Ni Mnyakyusa wa Kinyala, juu milimani, na jina la Zaituni alilichukua tulipofunga ndoa. Ambokile alikuja harusini amebeba mkungu wa ndizi begani na jogoo mkononi. Mama yake naye alikuwa mtu wa Kinyala, kwa hiyo Ambokile aliketi na mama mkwe wangu wakahesabiana ukoo mpaka wakakuta pameungana mahali. Mama mkwe, ambaye tangu asubuhi alikuwa ananitazama kama mzigo ulioshushwa kwenye nyumba isiyo yake, alicheka mpaka akafuta machozi kwa khanga. Kwa miaka mingi baadaye, kila nilipopanda Kinyala kumsalimia, baada ya "Ugonile" na habari za watoto, swali lililofuata lilikuwa: "Na yule nkamu wetu, Ambokile, hajambo?" Nkamu maana yake ni ndugu. Mimi mkwewe alinipa heshima zote za mkwe, kiti kizuri na chakula cha kwanza. Lakini kicheko kile hakuwahi kunipa.

Baadaye nikapata kazi kwenye hospitali moja ndogo ya dini huku Rungwe, na huko ndiko nilikokaa mpaka kustaafu. Hospitali ilikuwa na gari moja la kutegemewa, la dizeli, la kuvuta magurudumu yote manne, lile ambalo watu huliita fowili. Mvua zikianza, ndilo peke yake lililoweza kupanda vijijini na kurudi na mgonjwa. Nililipenda gari lile kwa wivu kama mtu anavyopenda mke. Dereva akifungua boneti bila kuniambia, nilinuna.

Betri yake ilipokufa, Daktari Mfawidhi aliniita ofisini kuniuliza tununue ipi. Nilijieleza vizuri, na mpaka leo maneno yale nayasimamia. Nilimwambia kwanza tupime kibao cha chuma ambacho betri hukalia, maana betri kubwa kuliko kibao haikai, na ndogo itacheza. Tuangalie chanya iko upande gani, isije waya ukavutwa usifike. Tusome nguvu ya kuwashia iliyoandikwa kwenye ganda, isipungue ile iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, kwa kuwa injini ya dizeli ni nzito kuizungusha. Na tuangalie ilitengenezwa lini, maana betri inazeeka hata ikiwa rafuni dukani. Mwisho nikamwambia tununue aina ileile ya zamani, yenye vifuniko, ili niweze kuiongezea maji na kupima kila chumba kwa haidromita yangu.

Daktari alisikiliza yote, akaandika pembeni ya gazeti lake. Kisha akasema:

"Nimemwomba na Ambokile apite. Si kwamba sikuamini, Bwana Shabani. Ni maoni ya pili, kama tunavyofanya kwa wagonjwa."

Wakati ule Ambokile alikuwa ameacha kazi ya kuajiriwa na kufungua gereji yake mwenyewe Ibighi. Alikuja na ovaroli safi. Alinikumbatia. Tulisimama watatu mbele ya boneti, Daktari katikati.

"Yote aliyosema Shabani ni sawa," Ambokile akaanza. Alianza kwa kunisifu siku zote, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kumchukia. "Ila gari hili haliendi kwenye lami. Linapanda Kinyala. Kule asubuhi ya Juni oili inakuwa nzito kama asali, injini haitaki kuzunguka. Mimi ningechukua yenye nguvu ya kuwashia zaidi ya ile ya kitabu, tuongeze na kishikizo cha chuma juu yake. Tena ile iliyofungwa moja kwa moja, isiyo na vifuniko. Ya vifuniko itamwaga maji kwenye mtikisiko."

"Iliyofungwa ikianza kuugua hutajua," nikasema. "Huwezi kuchungulia ndani. Siku itakayokufa ndiyo siku utakayoambiwa."

"Kweli kabisa. Lakini kati ya hapo haitakusumbua."

"Mimi sisumbuliwi. Ni kazi yangu."

Daktari alitutazama mmoja baada ya mwingine kama anayesoma picha ya eksirei. Akachagua ya Ambokile. Ikaletwa kutoka Mbeya, nyeusi, laini juu, haina hata pa kuingiza ukucha. Ambokile akachomelea kishikizo, akaondoka anaimba. Na mimi nikaachiwa kuitunza.

Nataka hapa mnielewe vizuri. Niliitunza betri ile kama ningeichagua mwenyewe. Watu hudhani betri isiyo na vifuniko haina matunzo, na wengi wanaiacha mpaka iwageuke. Kila wiki nilikaza vile vichwa, kwa sababu klempu, kile kibano cha waya, ikilegea inazuia umeme kama bomba lililoziba. Ule unga mweupe unaoota juu ya vichwa niliuosha kwa maji ya moto yenye magadi, nikakausha, nikapaka grisi nyembamba. Nilifuatilia waya wa hasi mpaka pale unaposhika bodi, nikakwangua rangi na kutu pashike chuma kwa chuma. Nilikaza kishikizo kila gari liliporudi kijijini, maana mtikisiko unazivunja sahani kabla ya umri wake. Nilipima chaji ya alteneta, isipungue wala isizidi. Hakuna aliyeniona nikiyafanya hayo. Kazi ya kutunza haionekani. Gari likiwaka, mtu anaweka gia anaondoka.

Zaituni alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza. Alipokaribia kujifungua alipanda Kinyala kwa mama yake, kama ilivyo desturi yao. Ilikuwa masika, na masika ya Rungwe mnayajua. Asubuhi moja jirani wa mama mkwe alishuka na lori la ndizi, akaja mpaka dirishani kwa Daktari akiwa ameloa chapachapa. Zaituni alikuwa kwenye uchungu tangu jana yake na mtoto hatoki. Mkunga wa kijijini alikuwa amesema wazi kwamba hili si la kwake.

Daktari alimpa dereva muuguzi mmoja, akanitazama usoni, akasema, "Nenda nao."

Kupanda tulipanda salama. Tulimkuta Zaituni amelala kwenye mkeka, midomo imekauka, ameshika mkono wa mama yake. Hakunisalimia. Aliniambia tu, "Mume wangu, nimechoka." Tukamlaza nyuma ya gari kwenye godoro, mama yake upande mmoja, muuguzi upande mwingine, mimi nikakaa mbele na dereva.

Tulikuwa tumeshuka kiasi tulipofika kwenye kijito kinachokatiza barabara. Wakati wa kupanda maji yalikuwa ya kifundo cha mguu. Sasa yalikuwa yamejaa, ya rangi ya chai ya maziwa. Dereva akaweka gia ya nguvu, akaingia. Tulifika ng'ambo, magurudumu ya mbele yakawa yameshika mwinuko wa matope, na hapo injini ikakohoa ikazima. Maji yalipiga ubavuni mwa gari. Nyuma yangu Zaituni alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena.

Dereva akageuza ufunguo. Stata ikazungusha, injini haikushika. Akageuza tena, kwa muda mrefu zaidi, na nikasikia mzunguko unaanza kupungua kasi.

"Acha!" nikamwambia. "Toa mkono."

"Shabani, maji yanapanda."

"Nimesema toa mkono. Zima taa. Zima waipa. Zima feni. Kanyaga klachi mpaka mwisho, stata isizungushe na gia. Sasa tusubiri kidogo."

Betri iliyosukumwa sana ukiipumzisha kidogo hurudisha nguvu, na stata nayo hupoa. Hilo nilikuwa nikilisema kwa madereva kila siku kama mtu anayesoma tangazo. Sasa nilikuwa nalisema mke wangu akiwa nyuma. Nilisikia maji, nilisikia mama mkwe anaomba kwa Kinyakyusa, nami nikawa naomba kwa maneno yangu. Mikono yangu nikaikalia.

"Haya. Mara moja, usilegeze."

Akageuza. Ikazungusha kwa kasi ileile ya mwanzo, ikakohoa, ikashika. Moshi mweusi ukatoka juu ya maji. Tukapanda ule mwinuko gari likiteleza kama ng'ombe kwenye utelezi, na hatukusimama tena mpaka mlango wa hospitali.

Zaituni alifanyiwa upasuaji mchana ule. Mtoto alikuwa wa kiume. Alizaliwa kimya, muuguzi akamchapa, akalia, na kilio kile nilikisikia nikiwa kwenye veranda. Nikakaa chini kwenye sementi palepale, sikujali nani ananiona.

Mama mkwe alitoka, amechoka, ana furaha, akamgeukia dereva.

"Baba, gari lile limewezaje kuwaka majini?"

"Betri, mama. Ina nguvu sana ile. Aliichagua Ambokile."

"Ambokile! Nkamu wetu!" Akapiga makofi. "Ndaga fijo, Ambokile! Ndaga fijo!"

Alikuwa anamshukuru mtu ambaye wakati huo yuko Ibighi, huenda anakunywa chai. Mimi nilikuwa nimekaa hatua chache kutoka alipo, grisi ya betri ileile bado iko chini ya kucha zangu. Ningesema nini, siku mke wangu na mwanangu wamepona?

Mtoto nilimpa jina Idrisa, la baba yangu, na kwenye akika aliitwa hivyo. Lakini nilipokwenda kuwachukua Kinyala, walikokuwa wamekwenda yeye na mama yake kupata nguvu, nilimkuta bibi yake anamrusha juu na kumwita Ambokile. Zaituni naye akamwita hivyohivyo.

"Ana jina," nikamwambia tulipobaki wawili.

"Idrisa ni jina lake. Ambokile ni la nyumbani."

"Yapo majina mengi ya nyumbani."

Akanitazama. "Unajua maana yake? Ameniokoa. Mungu ameniokoa. Mimi ndiye niliyelala nyuma ya gari lile, baba Idrisa. Nikimwita mwanangu jina hilo, simwiti fundi."

"Mama yako anamwita fundi."

"Mama mwache na yake."

Alikuwa na haki. Lakini kuna swali ambalo nimekaa nalo maisha yangu yote na sijampata mtu wa kunijibu. Je, betri niliyotaka mimi, ya vifuniko, ingetutoa pale? Huenda ingetutoa. Huenda isingetutoa. Na ile ya Ambokile, ingekuwa imetunzwa na mtu mwingine, vichwa vimelegea na unga umeota, ingetutoa? Wala hilo sijui. Ninachojua ni kwamba ushukuriwe usishukuriwe, mwanao akiwa mzima unapaswa kuridhika, na kwamba mimi sikuridhika.

Mtoto alikua kwa jina lile. Sokoni Ambokile, shuleni Ambokile, kwangu peke yangu Idrisa. Na Ambokile mwenyewe alilipokea kwa mikono miwili. Kila sikukuu, ya kwao au ya kwetu, alifika mlangoni anaita, "Somo yangu yuko wapi?" na mtoto akatoka mbio, akamkumbatia miguu. Alimfundisha kuendesha baiskeli kabla sijapata nafasi. Nilipostaafu, hospitali ilinifanyia sherehe ndogo ya chai na mandazi. Daktari Mfawidhi wa wakati huo, kijana ambaye hakuwahi kuijua ile fowili ya zamani, alisoma hotuba nzuri. Kisha Ambokile akaombwa aseme neno kama rafiki. Alieleza jinsi nilivyomfundisha kufungua hasi kwanza. Watu walipiga makofi sana. Nilisikiliza kwa makini, na nadhani mengi ya makofi yale yalikuwa yake.

Siku hizi nina benchi langu nyumbani, nachaji betri za pikipiki na za sola, na vijana wanakuja kuniuliza. Nawaambia mambo yamebadilika na hayajabadilika. Magari mapya yana kompyuta ndani, kwa hiyo usiunganishe nyaya za kuazima chaji kiholela, na usichomoe betri injini ikiwa inaunguruma ukidhani ni ujanja wa kupima alteneta. Utaiua kompyuta. Dukani kuna betri kuukuu zilizopakwa rangi, zikabandikwa karatasi mpya. Tazama vichwa vyake kama vina mikwaruzo ya klempu. Gari lako likikaa bila kutumika, chomoa hasi au lichaji mara kwa mara. Na betri iliyokufa usiitupe mtoni wala shambani. Ile risasi ni sumu, na migomba haijakukosea.

Juzi juzi Idrisa alinipigia simu kutoka Mbeya. Anasimamia miradi ya maji vijijini, na amepewa fowili ya dizeli inayogoma asubuhi.

"Baba, betri imechoka. Ninunue ipi?"

Nilitoka nje nikasimama kwenye ua, nisikatizwe. Nikamweleza kibao, upande wa chanya, nguvu ya kuwashia, tarehe ya kutengenezwa. Nikamwambia achukue iliyofungwa, yenye nguvu kuliko ya kitabu, na asisahau kishikizo. Ndiyo, hivyo ndivyo nilivyosema. Gari linapanda milimani. Alisikiliza yote, akasema, "Asante, baba. Nimekuelewa." Nilirudi ndani nikiwa mrefu.

Siku mbili baadaye Zaituni akaniambia huku anachambua maharage, "Mwanao ameshanunua. Somo yake naye alimwambia hivyohivyo."

"Somo yake alimwambia saa ngapi?"

"Si alimpigia baada ya kuongea na wewe."

Nilivaa koti nikashuka mpaka Ibighi. Nilimkuta Ambokile kwenye kiti nje ya gereji yake, ambayo sasa inaendeshwa na wakwe zake. Amezeeka vibaya kuliko mimi, magoti hayamtii. Akanyoosha mikono yote miwili kunipokea.

"Mwanangu alikupigia simu," nikamwambia hata kabla ya kukaa.

"Alinipigia, ndiyo. Somo yangu huyo."

"Alikuuliza nini?"

"Betri. Nikamwuliza, baba yako amesemaje? Akanieleza yote uliyomwambia." Akacheka kile kicheko chake, ingawa sasa kinaishia kwenye kikohozi. "Nikamwambia, basi unaniuliza nini mimi? Fanya kama alivyosema baba yako. Hakuna neno la kuongeza."

"Hukuongeza hata moja?"

"Hata moja, Shabani. Lingekuwepo ningeongeza, unanijua."

Namjua. Wakatuletea chai, tukanywa, akaniuliza habari za Zaituni, nikamwuliza habari za magoti. Niliagana naye vizuri kabisa. Nilipanda ule mlima wa kurudi mjini nikiwa na furaha ya namna ambayo sikuwa nimeipata tangu niwe fundi, na nilikuwa nayo mpaka karibu na sokoni. Hapo nikakumbuka kwamba mwanangu alikuwa na jibu langu mkononi siku ile, zima, halina kasoro, na bado hakuinunua ile betri mpaka Ambokile aliposema ndiyo.

Nikasimama pembeni ya barabara kidogo. Kisha nikaenda nyumbani.